Kale kadoa mu seli: kutoka mahindi mpaka kansere ya damu



Mu mwaka wa kwanza wa agronomia tulikuwa na TP ya mikroskopi. Mashine moja, wanafunzi makumi tatu mu mustari, kila mutu dakika mbili. Nilichora seli ya kitunguu: ukuta, kiini, na ndani ya kiini kadoa keusi. Niliandika "nukleoli", nikapata pointi zangu, nikakasahau. Kama wangeniuliza kazi yake, ningebaki kimya.

Sikuwa peke yangu. Felice Fontana, Mutaliano, alikaelezea mu 1781, akiwa anaangalia ute wa ngozi ya mukunga, ule samaki mwenye kufanana na nyoka. Nyuma yake watu walibaki kukachora miaka zaidi ya mia moja na makumi tano.

Jibu ya nguvu ilitoka ku mahindi, na hapa ninaomba wale wa medsini wanaotuitaka "watu wa jembe" wasome polepole. Mu 1934 Barbara McClintock, Mumarekani, alionyesha kwamba mu mahindi nukleoli inatengenezwa na sehemu moja inayojulikana ya kromozomu ya 6. Alikuwa na mumea ambao kromozomu hiyo ilivunjika katikati ya sehemu ileile, kipande kimoja kikaenda kushikana na kromozomu ya 9. Ungefikiri kazi ingeharibika. Hapana: kila kipande kilitengeneza nukleoli yake! Basi kale kadoa hakakuwa takataka ya seli, kalikuwa na fundi wake.

Lakini fundi anatengeneza nini? Hapo ilibidi kungoja chura wa Afrika ya Kusini, Xenopus. Kulikuwa na aina yake ambayo watoto wengine wanazaliwa bila nukleoli ya kweli. Mu 1964 Donald Brown na John Gurdon waliona kwamba watoto hao hawatengenezi ARN mpya ya ribozomu hata kidogo. Wanaishi na ribozomu walizoachiwa na mama mu yai. Zile hazitoshi, wanakufa wakiwa bado viluwiluwi. Njo maana seli yenye kutaka kukua inaanzia ku nukleoli: bila ribozomu hakuna protini, na bila protini hakuna kukua.

Sasa fikeni mu 1973. Mu Houston, timu ya Harris Busch ilitandaza protini za nukleoli za ini la panya, ini zima na ini lenye kansere, ikazipa namba kufuata mahali kila moja ilisimama. Moja ilipata jina kavu kabisa: B23. Leo tunaiita nukleofosmini. Mwaka uleule, mu California, Stanley Cohen na Herbert Boyer waliingiza jeni ngeni mu bakteria Escherichia coli, na bakteria ikaizalisha pamoja na ADN yake.

Njia hizo mbili zilikuja kukutana. Unachukua jeni ya B23 ya mutu, unaiweka mu bakteria, unazifuga mu supu usiku muzima, unazipasua, unasafisha protini. Hiyo njo protini ya rekombinanti: ni ya binadamu, lakini aliyeipika ni mikrobu. Ukiwa nayo safi mu kachupa, unaweza kuuliza inashikana na nani. Kumbe inashikana na ARF, mulinzi mumoja anayesaidia kusimamisha seli yenye kukua ovyo.

Mu 2005, Brunangelo Falini na wenzake wa Perugia walipaka rangi ile protini mu mafuta ya mifupa ya wagonjwa wa lesemia kali ya mieloidi. Kwa karibu mutu mumoja kati ya watatu wakubwa, protini haikuwa mahali pake. Ilikuwa imetoka inje ya kiini. Walipoisoma jeni, mara nyingi walikuta herufi nne zimeongezeka karibu na mwisho wake. Herufi hizo zinageuza adresi ya protini. Leo mu hospitali zenye labo nzuri, wanazitafuta ku kila mugonjwa wa namna hiyo mbele ya kuchagua dawa, na wanazitafuta tena nyuma ya matunzo, kuona kama ugonjwa ungali umejificha.