Mashimo ya Wamatengo

Vijana wenzangu, sisi wa mjini unga tunaujulia dukani. Sembe au dona, basi. Mwulize mshikaji hayo mahindi yamelimwaje, atakucheka. Lakini iko historia ya udongo yenye vita na risasi ndani yake kuliko riwaya nyingi tunazoazimana.

Twende Mbinga, mkoani Ruvuma. Katikati ya karne ya 19 Wangoni, waliotoka kusini mwa Afrika, walikuwa wameshika nchi ya Songea, na mashambulizi yao yakawasukuma Wamatengo juu milimani. Sasa fikiri: watu wengi, ardhi finyu, na mteremko ambao mvua moja kubwa yaweza kuusomba udongo wote hadi bondeni. Kushuka huwezi, chini kuna mikuki. Tegemeo lao likawa kilimo cha ngolo.

Ngolo hulimwa hivi. Kwenye Machi, mvua zikielekea kuisha, wanaume hufyeka nyasi. Nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, mteremko mzima ukawa miraba mitupu. Hapo wanawake huingia na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuufukia udongo juu ya nyasi. Linabaki shimo lenye matuta pande zote nne, na maharage hupandwa kwenye matuta. Maji ya mvua hutuama shimoni yakanywea taratibu. Nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Magugu nayo hutupwa humo humo. Novemba au Desemba matuta yale yale hupokea mahindi. Yakishavunwa shamba hupumzika mpaka Machi, kazi ikaanza upya. Zamani hata ngano ililimwa hivyo. Na shamba ni la ukoo: kipande cha mlima kati ya vijito viwili, wenyewe hukiita ntambo.

Wakoloni hawakuwa vipofu. Mwaka 1938 Mwingereza A. H. Pike aliandika makala juu ya Wamatengo na hifadhi ya udongo katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwa hiyo habari ilikuwapo, tena kwa Kiingereza chao wenyewe!

Halafu tazama walichofanya Uluguru, Morogoro. Kuanzia 1950 serikali iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, atakaye na asiyetaka. Udongo mzuri ukafukiwa, ule wa chini usio na rutuba ukaja juu, mazao yakagoma. Julai 1955 watu walichachamaa kule Matombo. Polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Mpango ukavunjika. Milima ni milima, mmomonyoko ni ule ule. Ila Mbinga hakuna bwana shamba aliyesimama na kiboko, na kila ukoo ulijua unamchimbia nani.

Tusiipambe ngolo kupita kiasi, lakini. Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japani, walikwenda kuichunguza, na sifa zikaandikwa nyingi. Sifa hizo hazipunguzi uzito wa jembe. Kufyeka ni kazi ya siku chache. Kuchimba mashimo mlima mzima ni mgongo wa mwanamke. Kahawa ilipoingia miaka ya 1920, fedha yake ilishikwa zaidi na wanaume, na chakula cha nyumbani kikaendelea kutoka kwenye mashimo ya mama.

Nikiandika riwaya ya Mbinga, nitaanza na yeye, Machi, nyasi zikiwa zimeshalazwa.