Jinsi Watungaji wa Pwani Walivyotangaziana Mashairi

Watu wengi hudhani ya kuwa shairi la kale lilienea kwa uzuri wake lenyewe. Sisi twaona sivyo. Kabla vitabu vya chapa havijazoeleka katika pwani yetu, mtungaji hakuwa na njia ya kulifikisha neno lake mbali ila kinywa cha mwimbaji au kalamu ya mtungaji mwenziwe. Na mara nyingi mwenziwe huyo alizaliwa baada yake, wala hakumwona kwa macho.

Tutazame kwanza desturi ya takhmisi. Mshairi huchukua mstari wa mwenziwe wenye vipande viwili, akautangulizia vitatu vyake mwenyewe, ubeti ukawa wa vipande vitano. Ndivyo alivyofanya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule mtungaji wa Al-Inkishafi, kwa wimbo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Aisomaye takhmisi hiyo husoma maneno ya watu wawili kwa pumzi moja. Hata ugomvi ulifanya kazi hiyo hiyo: zamani za uhasama wa Mombasa na Lamu, aliyesikia jibu la mtungaji wa upande mmoja alitaka kujua ni shairi gani lililojibiwa. Hasimu akawa mpiga mbiu wa hasimu wake!

Lakini habari itushikayo zaidi ni ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki yapata mwaka 1840, na mashairi yake yakabaki katika vifua vya watu, mahali ambapo hupungua kila azikwapo mzee. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, naye mtungaji, ndiye aliyeyakusanya, yakamfikia William Taylor, mmisionari wa Church Missionary Society mjini Mombasa, akayaandika. Sikujua alifariki mwaka 1890; Diwani ya Muyaka ilipigwa chapa mwaka 1940, kwa kazi ya William Hichens. Kama Mwalimu angalingoja miaka michache tu, sijui tungalisoma nini leo madarasani. Walakini wanafunzi wetu hulijua jina la Muyaka, na la Sikujua hawalijui.

Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mtungaji, mchonga mbao na mwandishi mwenye hati nzuri mno. Tenzi za wengine alizinakili kwa mkono wake kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Hichens, na Ernst Dammann aliyefika Lamu mwaka 1936. Kazi hiyo alilipwa. Wako wamlaumuo kwa hayo. Sisi hatumlaumu, maana karatasi na wino havipatikani bure, wala macho ya mwandishi hayachakai bure.

Litutatizalo ni jingine. Mnakili aliye mshairi si kioo. Utenzi wa Fumo Liyongo, aliouandika mwaka 1913, umesimama juu ya hadithi na nyimbo zilizokuwako pwani kabla yake. Ni nani atakayeonyesha yaishapo maneno ya wazee na yaanzapo yake? Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kizima cha maandishi ya Kijumwa, na ndani yake kazi aliyoitunga na kazi aliyoinakili zimekaa pamoja.