Trekta Kuukuu na Thamani Yake

Mwaka 1947 Uingereza ilianzisha mradi wa karanga katika Tanganyika, kwanza Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Baada ya vita matrekta yalikuwa haba, hivyo kampuni ya Vickers-Armstrongs ikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Udongo mgumu na ukame viliushinda mradi, ukavunjwa mwaka 1951. Matrekta hayo yaliyosalia leo ni machache mno.

Nasi walimu wa Nyamityobora, Mbarara, twapata funzo. Mnunuzi wa vyuma chakavu huona kilo. Mwanahistoria huona ushahidi. Tuwafunze wanafunzi kunakili namba za mashine kuukuu na kuwauliza wazee habari zake, kabla hazijayeyushwa. Neno tingatinga lingali hai vinywani mwetu. Haifai chombo chenyewe kibaki jina tu.