Somo la Historia: Majina ya Kiarabu ya Wachezaji wa Mpira na Kalamu za Makarani

Leo shikeni kalamu mapema, maana tutaandika majina.

Yuko mchezaji wa Morocco, aliyezaliwa Madrid mwaka 1998, ambaye jina lake huandikwa Achraf Hakimi. Mtu aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili akiona c na h pamoja, husoma kama katika chai na chumvi, akasema "Achirafu". Msimcheke. Amesoma kama tulivyomfundisha darasani. Lakini jina lile halikuandikwa kwa kanuni zetu, liliandikwa kwa kanuni za Kifaransa, na kwa Kifaransa ch ni sh yetu. Kumbe ni Ashraf, jina ambalo watu wa pwani wanalijua tangu zamani. Hali kadhalika golikipa Yassine Bounou. Asomaye herufi moja moja atasema "Bo-u-no-u", na mpira utakuwa umekwisha kuingia wavuni kabla hajamaliza. Kwa Kifaransa ou ni u. Sema Bunu.

Je, kwa nini Mwarabu aandikwe kwa Kifaransa? Hapo ndipo historia inapoingia.

Kiarabu kina herufi zake, nazo huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Hata Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo muda mrefu kabla ya hizi tunazotumia leo. Jina likihamishwa kutoka herufi za Kiarabu kwenda herufi za Kizungu, lazima mtu fulani aamue sauti hii iandikwe hivi na ile iandikwe vile. Mara nyingi mtu huyo alikuwa karani wa serikali, naye aliandika kwa kanuni za lugha ya serikali yake.

Tazameni Algeria. Wafaransa waliivamia mwaka 1830. Wenyeji walikuwa wakiitwa kama wengi wetu tulivyoitwa: fulani bin fulani bin fulani. Tarehe 23 Machi 1882 ikatolewa sheria kwamba kila familia ya Waislamu iwe na jina moja la ukoo, nalo liandikwe katika daftari la serikali. Asiyechagua jina, alichaguliwa. Makarani wakaandika kama walivyosikia, na masikio yao hayakuzoea Kiarabu wala Kiberberi. Kuna watu wa ukoo mmoja waliotoka hapo na majina mbalimbali, na wajukuu wao wakayarithi.

Sasa mfikirieni Rachid Mekhloufi. Alikuwa mshambuliaji wa Saint-Étienne, na Ufaransa ilimtazamia kwa Kombe la Dunia la mwaka 1958. Mwezi wa Aprili mwaka huo yeye na wenzake wakaondoka kwa siri, wakaenda Tunis kuichezea timu ya chama cha FLN kilichokuwa kikipigania uhuru wa Algeria. Aliiacha jezi ya Ufaransa, akaacha na mshahara wake. Jina lake, hata hivyo, lilibaki katika tahajia ya Kifaransa, na uhuru ulipopatikana mwaka 1962 halikubadilika. Rachid ni Rashidi wetu huyuhuyu. Mekhloufi ni Makhlufi, na kh yake hutoka kooni, kama wazee wanavyosema kheri.

Zinedine Zidane, aliyefunga mabao mawili katika fainali ya mwaka 1998, alizaliwa Marseille na wazazi waliotoka Algeria. Zile e mbili za mwisho hazisomwi: Zinedin Zidan. Jina la kwanza ni Zainuddin, maana yake pambo la dini. Kwa Kiarabu huandikwa Zain al-Din, lakini l humezwa na d inayoifuata. Jambo hili si geni kwenu. Mji wetu mkubwa ni Dar es Salaam, si Dar el Salaam, kwa kuwa l imemezwa na s.

Misri mambo ni mengine kidogo. Waingereza waliiteka mwaka huohuo wa 1882, na leo sauti ya sh huko huandikwa sh, kama jina la golikipa Mohamed El Shenawy. Lakini liko jambo ambalo halikuletwa na mgeni yeyote. Watu wa Cairo wenyewe husema g mahali ambapo Waarabu wengi husema j. Kwa hiyo Jamal kwao ni Gamal, na Majdi ni Magdi. Magdi Abdelghani alifunga penalti dhidi ya Uholanzi mwaka 1990. Rabah Madjer wa Algeria aliifunga Ujerumani Magharibi mwaka 1982. Ile g ya Magdi na ile dj ya Madjer ni herufi moja ya Kiarabu, jim.

Na Mohamed Salah? Msimwandike Saleh. Salah ni wema, Saleh ni mtu mwema. Ni majina mawili. H yake ya mwisho ni nzito, isikike.

Mtauliza: basi tuandike vipi? Kwa maoni yangu, andika kama mwenyewe aandikavyo, tamka kama mama yake amwitavyo. Ukiandika Ashraf ni sawa kwa sauti, lakini pasipoti yake inasema Achraf, na pasipoti haibishani.

Hilo lawahusu hata ninyi. Muhammad, Mohamed, Mohammed na Muhamadi ni jina moja, lakini mbele ya karani wa benki au wa ardhi huweza kuwa watu wanne. Mwenye cheti kinachosema Rashidi na hati ya shamba inayosema Rachid au Rashid, huenda akatakiwa kuapa kwamba yeye ni yeye.

Kazi ya wiki hii: kusanyeni karatasi zote mlizo nazo nyumbani zenye majina yenu, cheti, kadi na hati. Nakilini jina kama lilivyo katika kila karatasi, herufi kwa herufi, bila kusahihisha. Yakitofautiana, pigeni mstari chini ya herufi iliyobadilika, na mleteni daftari kwa mwalimu.