Msitu wa Karura

Msitu wa Karura ni msitu wa hifadhi ulioko kaskazini mwa jiji la Nairobi, mji mkuu wa Kenya. Una eneo la zaidi ya hekta 1,000, hivyo ni miongoni mwa misitu mikubwa duniani iliyobaki ndani ya mipaka ya jiji. Unasimamiwa na Shirika la Huduma za Misitu Kenya (KFS) kwa kushirikiana na chama cha wananchi kiitwacho Marafiki wa Msitu wa Karura.

Msitu huu unajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni mapambano ya miaka ya 1990 ya kuuokoa usigawiwe watu binafsi. La pili ni njia zake za matembezi, ambazo mkazi wa Nairobi asiye na gari anaweza kuzifikia kwa matatu.

Jiografia

Karura imepakana na mitaa ya Muthaiga, Gigiri na Runda. Ofisi za Umoja wa Mataifa jijini Nairobi, yakiwemo makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP), ziko Gigiri, jirani kabisa na msitu. Barabara ya Limuru na Barabara ya Kiambu zinaukata msitu katika sehemu tatu. Sehemu ya katikati ndiyo inayotembelewa zaidi. Ile ya magharibi huitwa Sigiria.

Mito midogo kadhaa hupita humo, kama vile Karura, Ruaka na Gitathuru. Maji yake huingia katika Mto Nairobi, kisha Mto Athi, na mwisho humwagika katika Bahari Hindi karibu na Malindi, ambako mto huo huitwa Sabaki. Kwa hiyo uchafu unaotupwa katika vijito vya Nairobi ni jambo linalowahusu hata watu wa pwani.

Historia

Kabla ya ukoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya nchi ya Wakikuyu. Serikali ya kikoloni ililitangaza kuwa msitu wa hifadhi mnamo mwaka 1932. Sehemu kubwa ya miti ya asili ilikatwa, na mahali pake ikapandwa miti ya kigeni kama mikaratusi na misipresi kwa ajili ya kuni na mbao.

Wakati wa vita vya Mau Mau katika miaka ya 1950, wapiganaji walijificha katika mapango yaliyo kando ya Mto Karura. Mapango hayo yapo hadi leo na huitwa Mapango ya Mau Mau.

Mapambano ya kuokoa msitu

Mnamo mwaka 1998 ilijulikana kwamba sehemu kubwa za msitu zilikuwa zimegawiwa kwa siri kampuni na watu binafsi ili zijengwe nyumba. Kwa mujibu wa sheria ardhi ile ilikuwa mali ya umma. Wangari Maathai, aliyeanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani (Green Belt Movement) mwaka 1977, aliongoza upinzani. Silaha yao kuu ilikuwa miche: walikwenda msituni kupanda miti mahali ilipokatwa. Mnamo Oktoba 1998 mitambo ya ujenzi iliteketezwa kwa moto wakati wa maandamano.

Tarehe 8 Januari 1999 Maathai alifika langoni pamoja na wabunge, waandishi wa habari na wafuasi wake ili kupanda mti. Walishambuliwa na kundi la walinzi, naye akajeruhiwa kichwani. Picha za tukio hilo zilionyeshwa nchi nyingi, na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kofi Annan, akalilaani. Mwishoni mwa mwezi huohuo wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana na kupambana na polisi. Mnamo Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata.

Usalama

Hata baada ya ushindi huo, watu wengi waliogopa kuingia Karura kwa sababu ya wezi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu jamii za jirani kushiriki katika usimamizi wa misitu. Kwa msingi huo Marafiki wa Msitu wa Karura walianza kazi mnamo 2009. Uzio wa umeme ulijengwa, na vijana wa vijiji vya jirani wakaajiriwa na kufunzwa kuwa askari wa doria. Familia na wanafunzi wakaanza kurudi msituni.

Mimea na wanyama

Miti ya asili iliyobaki ni pamoja na mzeituni-mwitu na mhugu (Brachylaena huillensis), ambao mbao zake hupendwa na wachonga vinyago. Miti ya kigeni inapunguzwa hatua kwa hatua na ya asili kupandwa badala yake.

Wanyama waliopo ni kima, mbega, pongo, paa, nungunungu na fungo. Mbega waliletwa katika miaka ya 2010 kutoka eneo la Kipipiri, ambako makazi yao yalikuwa yakiharibiwa. Kati ya ndege wako kulukulu na hondohondo. Hakuna simba wala tembo, na ndiyo maana watu wanaweza kutembea kwa miguu.

Njia za matembezi

Msitu una njia zenye urefu wa zaidi ya kilomita 50 kwa jumla. Kwenye makutano ya njia kuna nguzo zenye namba zinazolingana na namba za ramani, na mtu aliyepotea anaweza kumtajia askari namba ya nguzo iliyo karibu naye. Matembezi yanayopendwa zaidi hufuata Mto Karura hadi kwenye maporomoko ya maji na mapangoni. Baiskeli huruhusiwa katika baadhi ya njia.

Namna ya kufika

Kutoka katikati ya jiji, matatu zinazokwenda Ruaka na Banana hupita Barabara ya Limuru. Abiria humwambia kondakta amshushe kwenye lango la Karura, kabla ya kufika Gigiri. Matatu za Kiambu hupita Barabara ya Kiambu, yenye malango ya upande wa mashariki. Nauli hupanda asubuhi, jioni na wakati wa mvua, kwa hiyo ni nafuu kusafiri kati ya saa hizo.

Msitu hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa jioni. Kuna ada ya kiingilio, ambayo ni ndogo kwa raia kuliko kwa wageni. Tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja haviruhusiwi katika maeneo ya hifadhi nchini Kenya, hivyo maji hubebwa katika chupa ya kudumu.

Changamoto

Jiji linapokua, msitu hubanwa na upanuzi wa barabara na majengo. Mwaka 2025 ulitokea mvutano kati ya KFS na Marafiki wa Msitu wa Karura kuhusu nani akusanye na kusimamia mapato ya kiingilio. Suala hilo ni zito, kwa kuwa mapato hayo ndiyo yaliyokuwa yakilipa askari, uzio na upandaji wa miti.