Mashine ya kukaushia nguo au kamba ya uani? Mwongozo kwa waagizaji na wasafirishaji

Kila msimu wa masika unapokaribia, maduka ya vifaa vya nyumbani katika miji ya Afrika Mashariki huanza kuulizwa mashine za kukaushia nguo. Wanaouliza zaidi ni wakazi wa nyumba za ghorofa zisizo na ua, pamoja na wakazi wa maeneo ya baridi na mvua nyingi kama Kabale, Bukavu, Limuru na Tukuyu. Mfanyabiashara anayeagiza kontena zima bila kupima mahitaji anaweza kujikuta na mzigo usiotoka ghalani hadi kiangazi. Makala haya yanalinganisha njia za kukausha nguo nyumbani, na yanaeleza mambo ya kuangalia katika kuagiza na kusafirisha vifaa vyake.

Hesabu inaanzia kwenye maji

Gharama ya kukausha nguo hutegemea kiasi cha maji yaliyobaki ndani yake baada ya kufuliwa. Mashine ya kufulia inayokamua kwa mizunguko 800 kwa dakika huacha maji yapatayo asilimia 70 ya uzito wa nguo kavu. Ikikamua kwa mizunguko 1,400, maji yanayobaki ni kama asilimia 50. Kwa kilo 5 za nguo, hiyo ni tofauti kati ya lita 3.5 na lita 2.5.

Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji angalau yuniti 0.63 za umeme iwapo joto lote linatoka kwenye umeme, na katika mashine ya kawaida huzidi hapo kwa sababu joto jingine hupotea. Pipa la kukamulia la wati 300 likizunguka kwa dakika 5 hutumia yuniti 0.025 tu. Kwa maneno mengine, maji yanayotolewa kwa kukamua ni ya bei nafuu mno kuliko yanayotolewa kwa joto. Ndiyo maana mashine za mapipa mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, zimeendelea kupendwa katika kanda hii. Mteja anakamua vizuri, kisha jua linamalizia kazi.

Njia zilizopo

Kamba ya nje. Haina gharama ya umeme na jua husaidia kupunguza harufu. Upungufu wake ni mvua, vumbi, wizi, na rangi kufifia nguo zikikaa juani muda mrefu. Katika sehemu nyingi za kanda yupo pia inzi wa maembe, kwa jina la kitaalamu Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa, hasa kivulini. Buu lake huingia kwenye ngozi ya anayevaa nguo hizo na kuleta uvimbe unaofanana na jipu. Kinga inayojulikana ni kupiga pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono na mipira ya kiunoni.

Fremu ya kuanikia ndani ya nyumba. Ni nyepesi, hukunjwa, na bei yake ni ndogo. Hata hivyo, maji yote ya kwenye nguo huingia katika hewa ya chumba. Lita 3 za maji katika chumba kisicho na dirisha wazi huleta ukungu ukutani, hasa mwambao ambako hewa tayari ina unyevu mwingi.

Mashine ya kutoa hewa nje kwa bomba. Ni ya muundo rahisi: heta, feni na pipa la nguo. Huvuta kati ya kilowati 2 na 2.8, na lazima bomba lake lipitishwe ukutani au dirishani. Fundi wa kawaida anaweza kuitengeneza.

Mashine ya kondensa. Hukusanya maji kwenye tangi badala ya kutoa mvuke nje, hivyo inafaa nyumba za ghorofa. Matumizi yake ya umeme hayapishani sana na ile ya bomba, na huongeza joto chumbani.

Mashine ya pampu ya joto. Hutumia kompresa na gesi kama friji, ikirudisha joto lile lile kwenye nguo. Kwa kawaida huvuta chini ya kilowati 1, na kwa mzigo ule ule hutumia nusu ya umeme wa mashine ya heta au pungufu. Huchukua muda mrefu zaidi, bei yake ni ya juu, na ikiharibika inahitaji fundi wa friji.

Ulaya inafunga mlango mmoja

Tangu Julai 1, 2025, kanuni mpya za Umoja wa Ulaya za matumizi bora ya nishati zimeweka viwango ambavyo mashine za heta haziwezi kuvifikia. Mashine mpya za kukaushia zinazoingizwa katika soko hilo sasa ni za pampu ya joto. Mwagizaji atarajie kuona mashine za heta, mpya za akiba na zilizotumika, zikitafuta wanunuzi nje ya Ulaya.

Bei nafuu ya kununulia isimfumbe macho. Mteja wa Kigali au Nairobi atalipa tofauti hiyo kwenye umeme kila wiki. Muuzaji mwenye busara humpa mteja hesabu rahisi: yuniti kwa kila mzigo, mara idadi ya mizigo kwa mwezi, mara bei ya yuniti mahali alipo.

Zilizotumika zina hatari yake. Nchini Uingereza, kampuni ya Whirlpool ilitangaza mwaka 2015 kasoro ya usalama katika mamilioni ya mashine za kukaushia za majina ya Hotpoint, Indesit, Creda, Swan na Proline zilizotengenezwa kati ya 2004 na 2015. Nyuzi za nguo ziliweza kugusa heta na kushika moto. Agosti 2016, moto ulioanzia kwenye mashine ya kukaushia uliunguza jengo la makazi la Shepherd's Court, magharibi mwa London. Mwaka 2019 mashine zilizokuwa hazijarekebishwa ziliamriwa kurudishwa. Anayenunua mzigo wa mitumba kutoka Uingereza asome namba ya modeli kwenye kila mashine kabla ya kulipa.

Vifaa vilivyokufa si bidhaa bali ni taka. Tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za umeme zipate kibali cha nchi inayopokea kabla ya kusafirishwa.

Umeme: soma kibandiko cha nyuma

Nchi za Afrika Mashariki hutumia umeme wa volti 220 hadi 240, mizunguko 50. Mashine kutoka Uingereza, Oman na Dubai zinaendana, hata plagi ya pini tatu bapa ni ile ile ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kwa Burundi na Kongo, plagi itabidi ibadilishwe.

Mashine za Saudi Arabia na Marekani ni za mizunguko 60. Mota yake ikiwekwa kwenye umeme wa hapa huzunguka polepole kwa takriban sehemu moja ya sita, na huweza kupata moto. Mashine kubwa za umeme za Marekani pia hutengenezwa kwa soketi ya ampea 30, wakati plagi ya kawaida ya Kenya, Uganda na Tanzania ina mwisho wa ampea 13, yaani wati 3,120 kwa volti 240.

Forodha: namba tatu tofauti

Makosa ya kutangaza bidhaa huchelewesha mizigo mpakani. Mashine ya kukaushia ya joto isiyozidi kilo 10 za nguo kavu iko chini ya namba 8451.21. Pipa la kukamulia linalouzwa peke yake ni 8421.12. Mashine inayofua na kukausha kwa pamoja, au ya mapipa mawili, ni mashine ya kufulia na iko katika 8450. Wakala wa forodha apewe picha na maelezo ya kiwandani, maana neno "draya" pekee kwenye ankara halitoshi.

Kenya, Uganda na Tanzania hutaka bidhaa za umeme zikaguliwe ubora katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa. Cheti kikikosekana, mzigo hukwama bandarini na gharama za kuhifadhi hupanda kila siku. Mashine za pampu ya joto zenye gesi ya R134a zinaguswa pia na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yanayopunguza gesi za aina hiyo, hivyo ni vyema kuuliza mamlaka ya mazingira kabla ya kuagiza.

Fremu, vibanio na kamba vinavyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki vina nafasi tofauti. Mzigo wenye asili ya kanda usiozidi dola 2,000, ukiwa wa bidhaa zilizo kwenye orodha ya pamoja, huweza kuvuka kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani. Mashine iliyotoka Dubai haipati nafuu hiyo hata kama imenunuliwa Nairobi.

Kwa wasafirishaji

Boksi la mashine moja lina upana wa sentimita kama 65, kina 68 na kimo 89. Kontena la futi 40 hupokea safu 18 kwa urefu na 3 kwa upana, yaani mashine 54 kwa tabaka. Tabaka la tatu haliingii, hivyo jumla ni 108. Kwa kilo 50 kila moja, mzigo mzima ni tani 5.4 tu. Kontena hujaa nafasi kabla ya kulemewa, na juu hubaki sentimita zipatazo 60 wazi.

Waagizaji wenye uzoefu hujaza nafasi hiyo kwa bidhaa nyepesi kama fremu na vibanio. Nauli ni ile ile, na bidhaa hizo huuzika hata msimu wa kiangazi.

Mashine za pampu ya joto zisafiri zikiwa wima. Zikilazwa, mafuta ya kompresa huhama, na zikiwashwa mara moja kompresa huweza kufa. Zikifika ziachwe zimesimama kwa saa kadhaa kama maelekezo ya kiwanda yanavyosema. Dereva na wapakuaji waelezwe hili kabla ya safari, kwa kuwa hasara hiyo haionekani kwa macho siku ya kupokea mzigo.

Kwa muhtasari, pipa la kukamulia na fremu huuzika mahali pengi mwaka mzima. Pampu ya joto ina soko katika miji ya baridi na nyumba za ghorofa, kwa mteja anayefua mara nyingi. Mashine ya heta ibaki kwa anayehitaji kukausha haraka siku chache za mvua, na iuzwe pamoja na onyo moja: chujio la nyuzi lisafishwe kila baada ya mzigo.