Daraja Lisilovusha Mtu

Kazi ya daraja ni nini? Kuvusha watu, utasema. Lakini huko Uingereza katika karne ya 18, matajiri walijenga madaraja kwenye viunga vya majumba yao kwa sababu nyingine kabisa: yatazamwe.

Mfano maarufu uko Wilton, kusini mwa nchi hiyo. Mwaka 1736 mwenye jumba, lodi aliyeitwa Henry Herbert, alianza na msanifu Roger Morris kujenga daraja la miguu juu ya mto Nadder. Mto wenyewe si mkubwa hivyo. Wao wakaweka matao ya mawe, nguzo na paa juu, utadhani hekalu la Kirumi. Linaitwa daraja la Kipaladio kwa jina la Andrea Palladio, msanifu wa Italia, ingawa yeye alikufa mwaka 1580 na mchoro huo si wake.

Likapendwa, likaigwa: Stowe mwaka 1738, kisha Prior Park, Bath, mwaka 1755. Ila kuna tofauti moja ndogo. La Wilton lina ngazi kila upande, kwa hiyo ni la waendao kwa miguu. La Stowe halina ngazi, limelazwa ili magari ya farasi yapite. Mgeni aliona bustani huku amekaa.

Kenwood, London, wakafika mwisho kabisa: daraja la uongo. Ujanja wake ni huu. Bwawa lina mwisho, na jicho likiuona linajua hili ni bwawa tu. Sasa simamisha daraja palepale maji yanapoishia. Ukiwa mbali unaamini maji yanaendelea chini yake, na bwawa linageuka mto. Ukilisogelea, kumbe ni uso wa mbao uliopakwa rangi nyeupe! Na kwa kuwa mbao huoza, limejengwa upya zaidi ya mara moja.

Basi ni mchezo wa macho tu? Turudi Stowe. Zamani hapo palikuwa na kijiji. Bustani ilipopanuliwa, wanakijiji waliondolewa na nyumba zao zikabomolewa. Kanisa lao bado lipo, limefichwa na miti. Mandhari ilitengenezwa kwa kuongeza madaraja, na pia kwa kuondoa watu ambao wangeyahitaji.